Kiatu cha Bwana wa Serikali

Da Mwaka, shikamoo. Nakuandikia kutoka Kibokoni, nikijipepea kwa kadi hii hii.

Shangazi yetu hajambo, ila jana alitia fora. Wafadhili wa ng'ambo wanaowapa wajane wa mtaani unga wanaondoka, basi afisa wa serikali akaja nyumbani kwetu, walikokusanyika wajane, kuwatuliza. Akavua viatu mlangoni, akala mahamri sita kwa mbaazi za nazi, kisha akasema, "Kina mama, tuombe Mungu atuletee wafadhili wengine."

"Mungu twamwomba kila siku," Shangazi akajibu. "Leo twakuomba wewe. Ushuru mwatoza hata kwa muuza mchicha. Mbona unga wa wajane hautengewi fungu lake kwenye bajeti, kila mwaka?"

Yule bwana akacheka, akaaga. Viatu havionekani! Shangazi keshavikalia pale kizingitini, buibui limevifunika. Wajane wakaangua kicheko, mimi nikauma leso. Shangazi akakataa kuinuka, ikambidi yule bwana aketi tena, aandike barua kwa wakubwa wake kuomba fungu hilo, atusomee, atie sahihi. Shangazi akaichukua, akamrudishia kiatu cha kulia.

"Na cha kushoto, mama?"

"Utakipata fungu likipitishwa, mwanangu."

Akaenda zake na ndara ya marehemu ami yetu mguu wa kushoto. Barua naitia posta leo pamoja na kadi hii. Kiatu nakipiga rangi kila asubuhi, kisije kikazeeka kikingoja.

Wabusu watoto, na Mola akuzidishie afya.

Nduguyo akupendaye,
Zubeda