Mbegu za Ganda Jembamba

Hii imetoka kwenye daftari langu la miaka ile. Nimebadilisha majina tu. Mengine nimeyaacha kama nilivyoyaandika.

Nsemulwa, Mpanda. Jumamosi, Novemba 1997.

Mvua imepiga tangu asubuhi, sasa ni saa kumi na moja jioni yamebaki manyunyu. Viatu vyangu vimejaa tope la Kawajense na hata miguu sijanawa. Nimekaa hivi hivi na kalamu, maana nikinawa nitapika, nikipika nitakula, nikila nitalala, na kesho nitajifanya hakuna kilichotokea. Najijua.

Nina aibu. Haya, nimeshaandika.

Mimi ndiye bibi shamba wa eneo hili, huu mwaka wa kumi. Wakulima wananijua kwa mdomo. Mtu akipanda mahindi ovyo ovyo bila mstari namsema mbele ya watoto wake. Akichelewa kupalilia namuuliza kama alikuwa fungate. Wanacheka, wanavumilia, kwa sababu wanaamini ninachosema ni kweli. Hapo ndipo pabaya.

Miaka sita iliyopita nilipata wazo la michikichi. Ile ya kienyeji ina kokwa lenye ganda nene hasa, na nyama ya kukamua mawese imepakwa juu yake kidogo tu, kama rangi ya mlango. Kule Karema, ziwani, nikaona kwa mkulima mmoja michikichi ya kisasa. Ganda jembamba, unalivunja kwa jino, na nyama imenona mpaka vidole vinateleza. Nikaomba mbegu, akaniruhusu nichukue gunia zima.

Nilizichagua mwenyewe, kwa kiburi changu chote. Kila mti nilivunja makokwa mawili matatu kwa jiwe nikakagua ganda. Mti wenye ganda jembamba kuliko wenzake ndio niliochukua mbegu zake. Mbegu bora kutoka miti bora, nani angenibishia? Nikaotesha kitalu, nikagawa miche kwa kaya nane. Mei Mosi iliyofuata nikaitwa mbele kama mfanyakazi bora, nikapewa redio, nikapigiwa vigelegele.

Mwaka jana, mwezi wa nane, nikapelekwa semina Morogoro. Siku ya pili mwalimu akachora mchikichi ubaoni.

Alisema kila mti unarithi habari ya ganda pande mbili, kwa baba na kwa mama. Ukirithi ganda kote kuwili, linakuwa nene. Usiporithi popote, kokwa halina ganda kabisa. Ukirithi upande mmoja tu, ndipo unapata lile jembamba. Yaani jembamba ni chotara! Akaeleza hata ganda lenyewe ni nini. Ni lignini, kitu kile kile kinachofanya mbao iwe mbao. Mti wa ganda nene unatumia sukari ya majani yake kujenga mbao kuzunguka kiini, na ule wa ganda jembamba unabakiza nafasi kubwa zaidi ya nyama, na mafuta yako kwenye nyama.

Halafu akasema lililonimaliza. Ukipanda mbegu za chotara huyo, katika miche minne tegemea mmoja kurudi kwenye ganda nene, miwili kuwa na ganda jembamba, na mmoja kukosa ganda. Na huo usio na ganda, mara nyingi, hauzai. Unanawiri kuliko wenzake kwa sababu chakula chake hakina tunda la kulisha. Unatoa maua, mkungu unaanza, kisha unaoza kabla ya kuiva. Ndiyo maana wataalamu hawachukui kabisa mbegu kwenye mti wa ganda jembamba. Wanapandanisha mti wa ganda nene na chavua ya ule usio na ganda, kila mara upya.

Wenzangu walikuwa wanaandika. Mimi nilikuwa nalowa jasho makwapani.

Na wala haikuwa mara ya kwanza kuisikia. Chuoni tulisoma hesabu hiyo hiyo kwa maua, moja kwa mbili kwa moja, nikapata alama zote. Sikuwahi kufikiri kwamba ile hesabu ya mtihani inaishi pia ndani ya gunia la Karema. Nilidhani imekaa kwenye karatasi.

Nikarudi Mpanda, nikanyamaza miezi kumi na mitano.

Nilijiambia nasubiri miti ikomae vizuri. Nasubiri uhakika. Nasubiri mkuu wangu atoke likizo. Uongo mtupu. Nilikuwa naogopa kuchekwa na watu niliowacheka.

Sasa Dafroza. Ni Mpimbwe wa Majimoto, ameolewa na Mzee Deo, na wana shamba bondeni nyuma ya Kawajense. Huu ni mwaka wa nane wa ndoa na hawajajaliwa mtoto. Niliwapa miche arobaini. Deo alichimba mashimo, Dafroza akaweka miche mmoja mmoja na kushindilia udongo. Nilikuwepo, nikamsifia mikono yake. Miti ikakua, na tisa kati yake ikapendeza mno, Deo akawa anawatembeza wageni kuionyesha. Hiyo tisa mpaka leo haijaivisha hata mkungu mmoja.

Mama yake Deo hakuhitaji semina. Alisema mkono wa mwanamke asiyezaa umeifunga miti. Alisema kidogo kidogo, kisimani, kwenye misiba, jikoni kwa mwanawe, mpaka Deo naye akaanza kumwangalia mkewe kwa jicho lingine. Maneno hayo nilikuwa nayasikia. Naomba nisijidanganye hapa, nilikuwa nayasikia kabisa.

Wiki tatu zilizopita Deo aliniuliza usoni, "Bibi shamba, hivi tatizo ni mbegu au ni mkono?"

Nikamjibu, "Mambo ya udongo hayo, Mzee Deo. Tutafuatilia."

Udongo! Mti unaozaa na usiozaa imepishana hatua kumi, udongo ule ule, maji yale yale. Dafroza alikuwa amesimama mlangoni na birika, ananiangalia, anangoja sentensi moja tu kutoka kwangu. Nikanywa chai yake, nikashukuru, nikaondoka.

Juzi sokoni nikaambiwa Dafroza amefungashwa. Yuko kwa shangazi yake hapa mjini, anangoja gari la kwenda kwao.

Hiyo ndiyo iliyonitoa ndani leo na mvua yote hii. Nilimkuta Deo na mama yake barazani wanachambua maharage, nikawaomba tushuke bondeni. Nikavunja tunda la mti mmoja, ganda nene. La mti mwingine, jembamba. Kisha nikapekua mkungu uliooza kwenye mmoja wa ile tisa, nikapata tunda moja lililojitahidi, nikalikata kwa kisu. Kiini laini, ganda hakuna. Deo alilishika akaligeuza geuza.

"Ni mbegu," nikasema. "Nilizichagua mimi, na nilikosea. Hata angepanda askofu, miti hii isingezaa."

Deo alikaa chini kwenye majani yaliyolowa. Mama yake akaniuliza, "Kwa hiyo ulitudanganya?" Nikasema ndiyo, mama. Akajifunga kanga upya, akapanda zake nyumbani bila kuniangalia tena. Deo akaosha mikono kijitoni akasema twende tukamchukue mke wangu.

Njiani, jamani, nilianza kujisikia vizuri. Niandike na hili, ndilo chafu kuliko yote. Nilikuwa nimeshajiandaa kushukuriwa.

Dafroza alinisikiliza mpaka mwisho. Nilichora kwa kijiti pale uani, moja, mbili, moja, akaelewa haraka kuliko mimi chuoni. Kisha akauliza, "Dada, wewe ulijua lini?"

"Mwaka jana. Mwezi wa nane."

Akapandisha mikono ya gauni. Kuanzia viganjani mpaka karibu na viwiko kulikuwa na chale, safu kwa safu. Mama mkwe alikuwa akimleta mganga amchanje ili mikono ifunguke, mara ya kwanza Pasaka ya mwaka jana, mara ya pili Krismasi, mara ya tatu mwaka huu mwezi wa saba. Alinionyesha kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni mipaka ya shamba.

"Hizi za Pasaka ulikuwa hujui," akasema. "Hizi nyingine ni zako."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Deo alianza kulia, Dafroza akamwambia atulie, watazungumza siku nyingine, leo hawezi kurudi naye. Mimi nilitaka kuomba msamaha. Huu mdomo wangu unaowasema watu kutwa nzima ukakauka kabisa. Nilisimama tu pale mvuani mpaka shangazi mtu akaniambia niende nyumbani, nitaugua.

Bado kaya saba hazijui. Kila moja ina miti yake mizuri isiyozaa, na kuna mtu aliyeipanda. Miaka yote hii sijauliza hata mara moja ni nani.

Kesho watu wakitoka kanisani naanza na nyumba ya kwanza. Na kabla sijasema lolote kuhusu mbegu, nitaomba nionyeshwe mikono.