Chumvi Haina Harufu

Jumatatu, 10 Novemba

Leo sijawasha jiko. Mie, Mwamvita, mpishi wa shughuli tangu binti yangu Najat hajaota meno — sijawasha jiko! Nimekula matango mawili, karoti moja, embe moja. Basi. Tumbo linanguruma kama jenereta.

Niandike sababu, nisije nikajidanganya baadaye. Juzi Jumamosi, harusi ya Msasani, pilau yangu ilirudi. Sahani zimeliwa nusu! Watu wanaitisha maji, wanaitisha soda, wanapepea midomo. Nikaonja tena palepale. Mbona sawa? Kwa ulimi wangu sawa kabisa.

Jana akaja Bi Manal. Ni shangazi yake Badriya, binti wa Bwana Zahor hapahapa Chang'ombe, anayeolewa tarehe 20 Desemba. Watu mia tatu, mpishi mie. Na Bi Manal alikuwepo Msasani. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Kasema, Bi Mwamvita, ulimi wako umechoka. Tumekula mkono wako miaka mingi, hatutaki kukuvunjia heshima. Ila sufuria la Badriya likiharibika, ndio basi, shughuli zetu zote tunampa Suleiman.

Suleiman! Biriani lake rangi tupu! Ukila unatoka na midomo ya njano!

Eliaichi kasikia yote dirishani. Ni mpangaji wangu wa chumba cha uani, Mpare, anauza juisi. Mwaka wa pili huu hali kitu kilichopita motoni. Mie na Najat tumemcheka mpaka tumechoka, tunamwita sungura. Jana kaja kanikalia karibu. Kasema, ulimi haujafa, mama Najat, umekuwa butu tu. Acha moto, acha chumvi, siku arobaini, utarudi.

Nikahesabu. Arobaini zinatimia tarehe 19. Harusi tarehe 20. Nikaweka nadhiri.

Jumatano, 12 Novemba

Kichwa kinaniuma. Embe bichi bila chumvi na pilipili — jamani, ni adhabu. Mchicha mbichi ndio usiseme. Natafuna kama mbuzi wa Idi.

Njaa ikanitoa nje. Kwenye mkokoteni wa mihogo mibichi, nazi na karanga, wamejaa wanaume watupu, wanatafuta nguvu za chumbani. Nikajipanga. Muuzaji kaniamkia vizuri, shikamoo mama, halafu na kicheko: unampelekea mzee? Wenzake wote kwi kwi kwi. Nikasema marhaba mwanangu, nakula mwenyewe, mzee yuko makaburini mwaka wa pili huu. Kanikatia kipande kikubwa, kaongeza na nazi.

Kumbe mtamu muhogo mbichi na nazi! Wanaume hawa walikuwa wanatuficha.

Jumapili, 16 Novemba

Najat kakaanga samaki. Makusudi. Nimejifungia chumbani na parachichi langu, nimeuma mto.

Jumatano, 19 Novemba

Karoti! Subhanallah, karoti!

Nimekaa kizingitini asubuhi, natafuna tu nimalize, akili iko kwingine. Mara utamu. Utamu wa kweli, mpaka nikadhani mtu kaniwekea sukari. Nikaitazama. Karoti zilezile za sokoni. Nikamwita Najat, hizi umeziloweka kwenye nini? Kasema, mama, nimeziosha tu. Nikala ya pili. Nikala zote nne. Mle ndani kuna na harufu ya udongo uliolowa, halafu mwishoni kaukali kadogo, kanakuja kanaondoka. Miaka thelathini nakata karoti, magunia kwa magunia — sikuwahi kukutana nayo!

Nimecheka peke yangu kama punguani. Eliaichi kachungulia mlangoni mwake. Kaniuliza, umefika? Nikasema, nimefika.

Jumamosi, 22 Novemba

Kila siku jambo jipya, mpaka naogopa kulala nisije nikakuta limeondoka.

Nyanya: naijua iliyoivia mtini na iliyoivia kwenye tenga. Fenesi nalisikia toka kona ya barabara, na najua limeshapasuliwa au bado. Zambarau zimenifunga mdomo, halafu zikaufungua, halafu zikaacha kitu kama maua. Nimeloweka choroko zikaota vimkia vyeupe, nikala — zina ladha ya mvua! Sina namna nyingine ya kusema.

Na maji. Bomba halitoi siku ya nne, tunachota kisimani kwa jirani. Nimepiga funda, nikatema. Chumvi! Nikamwita Najat, onja. Kasema ya kawaida mama, ndio yaleyale tunayokunywaga bomba likikata. Yaleyale! Nimeyanywa miaka yote hiyo nikiyasifu baridi yake.

Dunia ilikuwa inapiga kelele, mie nilikuwa kiziwi wa mdomo. Mola kaweka vyote hivi kimyakimya, hatozi, hatangazi. Na mie nilikuwa navichemsha tu.

Jumamosi, 29 Novemba

Khitma nyumba ya tatu. Watu sitini, kazi ndogo, nimeipokea. Sikuonja, nadhiri ni nadhiri. Nimepika kwa pua.

Na pua imefanya kazi! Nimefungua pakiti ya binzari nyembamba, nikamrudisha Najat dukani nayo: mwambie hii imelala tangu mwaka jana. Muuza duka kakubali, kasema ilikuwa chini ya boksi. Kitunguu kimeniita chenyewe sekunde kabla hakijaungua. Nyama nimejua imeiva na mfuniko juu. Nilikuwa nimesimama pale mwili unanisisimka, nywele zimenisimama mikononi. Nikasema, ewe Mwamvita, ulikuwa wapi siku zote?

Ikafika chumvi. Nikainama juu ya supu. Nikanusa. Nikanusa tena. Hamna kitu. Chumvi haina harufu! Kila kitu duniani kinaniambia jina lake, yenyewe imenyamaza. Nikatia kwa mkono wangu wa siku zote, konzi ileile.

Jumapili, 30 Novemba

Nimeona mwenyewe jana. Majagi ya maji yameingia ndani mara tano.

Leo Najat anasugua sufuria uani. Nikamkalia mbele. Nikasema, niambie kweli, pilau yangu ina chumvi nyingi? Kasugua. Hakuinua kichwa. Kasema ndiyo mama. Tangu Msasani? Hapana. Tangu lini? Kasema, tangu baba yupo.

Nikahisi kama nimemwagiwa ndoo.

Kumbe Marijani wangu alikuwa akimaliza kula, mie nikienda kutoa vyombo, anakunywa jagi zima. Kumbe ndiye aliyewakataza watoto. Aliwaambia, mama yenu ana mkono mzuri, umechoka kidogo tu, msimvunje moyo. Na mbele yangu? Alhamdulillahi, Mungu akubariki mke wangu, nitilie kidogo tena. Nitilie kidogo tena! Miaka minne hiyo, kwa hesabu ya Najat.

Nimelia. Machozi yamenishuka mpaka mdomoni — makali! Sikujua machozi yana chumvi kiasi hiki. Nimekaa pale nayalamba, nalia, nastaajabu. Sijui ni mapenzi gani yale. Mtu anakula kila siku kitu kinachomuunguza ulimi, anaomba nyongeza. Nimemkasirikia. Nimemwombea. Nimemkasirikia tena.

Jumatano, 10 Desemba

Bi Manal kapiga simu. Ng'ombe kapatikana, mchele umeshanunuliwa. Kaniuliza, na ulimi? Nikasema, umerudi, wallahi umerudi. Kasema, tutaona basi.

Mwili mwepesi. Naamka kabla ya adhana, silalamiki magoti. Leo nimekula nanasi nusu na nikashukuru kwa sauti. Najat kasema sasa nimekuwa mlokole wa matunda.

Jumamosi, 13 Desemba

Jaribio. Kilo moja ya mchele, nyama nusu, kila kitu kama nitakavyofanya siku yenyewe. Chumvi nimeipima kwa ulimi mpya: nimegusisha supu kwenye ncha, nimetema. Mungu anisamehe, sio kula. Nimetia kidogo, nikagusisha, nikatia kidogo. Ikafika mahali — sijui niandikeje. Hiliki imesema, ikanyamaza. Mdalasini ukasema. Nyama ikasema. Kila mmoja kwa zamu yake, hakuna aliyemkata mwenzake kauli. Nikapiga kigelegele peke yangu jikoni! Pilau ya maisha yangu!

Nikapeleka sinia gereji ya mbele, kwa fundi Kondo na wenzake. Wale hawana adabu ya uongo. Baada ya nusu saa Kondo karudisha sinia mwenyewe. Limeliwa lote. Shikamoo mama, asante sana, harufu yake tumeacha kazi. Kajikuna kichwa. Kasema, ila mama, leo umesahau chumvi? Wameongeza ya kwao. Na limao.

Nikampa Najat iliyobaki chini ya sufuria. Katafuna. Kaniangalia kwa huruma. Chapwa, mama.

Chapwa!

Nimekaa kitako. Ulimi ulipokufa niliwazidishia watu. Umefufuka, nawapunja. Ninachoonja mie sasa hivi ni kweli, naapa ni kweli, lakini ni kweli yangu peke yangu. Na zimebaki siku saba.

Jumatano, 17 Desemba

Nimemuuliza Eliaichi, nitawapikiaje watu kwa ulimi huu? Kasema, ndio maana mie nauza juisi. Hana msaada, sungura yule.

Nilifikiria nianze kula chumvi leo, siku tatu, niuue ulimi nusu. Nimeishika ile chumvi kiganjani. Nimeshindwa. Siutoi! Nimeupata uzeeni, siutoi.

Basi amebaki mtu mmoja wa kuonja. Najat ana miaka ishirini na sita. Vitunguu anakata yeye, mchele anachagua yeye, tui anachuja yeye. Chumvi sijawahi kumwachia, hata siku nina homa. Nilivyofundishwa, chumvi ni ya mwenye sufuria. Ukimpa mtu chumvi, umempa sufuria.

Ijumaa, 19 Desemba

Arobaini zimetimia. Nimekula stafeli. Silali vizuri.

Jumamosi, 20 Desemba

Saa tatu asubuhi. Uani kwa Bwana Zahor, nimekaa juu ya gunia la mkaa, naandika kwenye goti. Masufuria mawili makubwa, supu inachemka, mchele umeoshwa unasubiri. Ndani vigelegele, wanampamba Badriya.

Saa nne. Nimeonja supu. Kitu cha kwanza cha moto nilichomeza baada ya siku arobaini! Mle ndani nimekuta majani aliyokula ng'ombe, sitanii, nimekuta hadi moshi wa kuni. Nimefumba macho nikashika ukingo wa meza. Kwangu mie ile chumvi ilikuwa imeshatosha na kupita.

Nikamwita Najat. Nikampa kijiko. Kadhani namtuma akakioshe! Nikasema, onja, niambie. Kaonja. Bado, mama. Nikatia konzi. Bado. Nikatia. Nikaonja tena mwenyewe — nimeungua! Mkono ukagoma. Nikasimama na bakuli la chumvi, sitii wala siweki chini. Najat kaja kalishika bakuli kwa mikono miwili. Hakunipokonya. Kasema, nipe nimalizie mie, mama.

Nikampa.

Katia. Kakoroga, kaonja. Kaenda sufuria la pili, akafanya vilevile. Mie nimetazama ukuta. Halafu kasema, mchele uingie. Ukaingia. Mchele ukishaingia umeingia, hakuna wa kuutoa.

Saa tano na nusu. Nimepalia, mkaa juu, mkaa chini, nimefunua. Wali umesimama punje moja moja. Harufu imewatoa hadi wapiga dufu barazani.

Bi Manal kaja na sahani yake. Kabla hajachota kaniuliza, leo nani kaonja? Mbele ya wasaidizi wote. Na mdomo wangu ukajibu wenyewe: Najat. Leo sufuria ni la Najat.

Mwanangu kanigeukia. Uso umemkauka.

Nimempa heshima, au nimemtwisha lawama? Sijui! Wallahi sijui. Ikitoka nzuri, jina ni lake, na nitalia kwa furaha. Ikitoka mbaya, mie nimeshajitoa, tena kwa sauti, watu wamesikia. Moyo wangu naujua, una pande zote mbili. Marijani alikunywa maji akaninyamazia. Mie nimemtaja mwanangu dakika ya kwanza tu.

Bi Manal kachota, kaingia nayo ndani kwa kina mama wazee. Hajatoka. Vigelegele vimekatika kule ndani, wanakula au wanasemezana, sisikii. Najat kasimama kando ya sufuria lake, kashika mwiko, anatazama pazia la mlango. Peke yake. Hakuna hata mmoja aliyemsogelea.

Pazia linacheza. Naweka daftari, nakwenda kusimama naye, niseme chumvi ile tumetia wote wawili.