Sindano amekuja saluni

Kibonge, shika simu! Nimejifungia saluni.

Mchana huu kaingia mteja, mwanamke mgeni, mwembamba. Namwosha nywele, nikagusa kovu nyuma ya sikio. Lile la Sindano, shoga! Alilopata alipoanguka na baiskeli yako.

Nikajiambia makovu yanafanana. Akafumbua macho: "Mlichoka kunitafuta?"

Sindano! Aliyejificha kwenye jengo la ile mashine ya kusaga iliyofungwa, tukicheza kujificha utotoni, asionekane tena. Mji mzima ulimtafuta. Mama yake kafa akimngoja.

Nikamwambia, "Dada, umenifananisha." Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Sasa ni zamu yangu kutafuta."

Kisha akajiziba macho kwa viganja, kama tulivyokuwa tukifanya kabla ya kutafuta, akaita polepole: "Tayari?"

Kibonge, mdomo wangu ulijibu wenyewe: "Bado!"

Akainuka, akatoka, nywele zikichuruzika maji. Nimeangalia sakafu. Hakuna hata tone.

Mlangoni aligeuka, akasema, "Kwa Kibonge napajua."

Sijamwelekeza mimi! Naapa!

Funga mlango. Ukisikia anaita, sema bado. Sema bado mpaka nifike.