"Nipo" kwa Sauti Tatu

Jumatatu, 3 Juni
Leo nimewavunja mbavu wapwa wangu. Nimewaambia enzi zangu, mwalimu akiita majina, mimi nilikuwa naitikia "nipo" kwa sauti tatu – yangu, ya rafiki aliyetoroka, na moja ya kike. Mwalimu mwenyewe ni huyu huyu anayewafundisha wao sasa. Wakauliza, hakukushika, mjomba? Nani, mimi? Nishikwe?
Ukweli niliishia darasa la nne, na sauti ninayo moja tu, ya kukwaruza. Nilitia chumvi.

Alhamisi, 6 Juni
Mpwa wangu wa kike kanitolea siri. Tangu hadithi yako, darasa zima linaitikiana, nusu wako mtoni. Wala hawaigizi sauti. Mwalimu haangalii, mjomba, anaweka alama ya vema tu.
Nikacheka. Halafu kicheko kikakatika. Mwalimu yule? Aliyekuwa akimwona anayetafuna karatasi dawati la mwisho?

Jumanne, 11 Juni
Mkaguzi kaja bila taarifa. Daftari la mahudhurio: arobaini. Darasani: vichwa kumi na saba. Eti mwalimu anapika mahudhurio. Miaka thelathini na moja! Siku ya kumzika mkewe alipita kwanza kuita majina. Kamati ya shule inakaa Ijumaa.

Jumatano, 12 Juni
Nimekwenda kwake kukiri. Kanimiminia chai – pembeni ya kikombe. Ikanichoma mapaja, naye akaendelea kumimina. Ndipo nikaelewa.
Nikamwambia, Mwalimu, keshokutwa nasema watoto walikudanganya, na chanzo ni mimi.
Akasema, watauliza kwa nini sikuwaona. Acha, mwanangu. Nikiwa mwongo watanipa onyo. Nikiwa kipofu watanirudisha nyumbani, na nyumbani sina wa kumwita jina.


Ijumaa, 14 Juni
Niko kikaoni, nyuma kabisa, naandikia magotini. Mwenyekiti kauliza nani anaweza kumtetea mwalimu. Hakuna mkono ulioinuliwa. Mwalimu kasimama anautazama ukuta, anadhani tuko huko. Mpwa wangu kanishika shati, analia.
Sasa inasomwa barua. Si onyo. Anaachishwa kazi.
Nimekohoa. Mwalimu kageuka, kalijua koo langu. Kaniita jina langu kamili, lile la daftarini. Sijui ananikataza au ananiomba. Wote wamenigeukia. Kaita tena. Naandika nisiwatazame. Neno lenyewe moja, nimejisifu nalo kwa sauti tatu, na sasa hata hii ya kukwaruza haitoki.