Maître, ile kamyo hukuisikia

Maître Gaspard, mwalimu wangu,

Ni mi Fidèle, muuza soksi wa kwenye barrière, pale mupakani na Goma, ule ulisemaga jina yake, Mwaminifu, inamucheka. Niko nimeikala nyuma ya nyumba yako. Muke wako, Mama Solange, amenipa kalamu ya mutoto. Unajua masomo yangu iliishia troisième primaire, darasa ya tatu, donc pale nitakosea, we ruka tu uendelee.

Tangu tukuzike wiki saba zimepita, na salle yetu ya mazoezi imekuwa mubaya. Zamani tuliogopana sababu ya vita, kila njia panda askari, kila mutu na kitambulisho mukononi. Sasa tunaogopana sababu yako. Swali iko moja tu. Mutu mwenye alifunga macho na kitambaa nyeusi, akasimama katikati, sisi kumi na wawili tunamuzunguka bila viatu, na ngumi ikija anaishika kabla haijafika, na anaita mwenye ngumi kwa jina: "Désiré, punguza kula, mbao inalia." Mutu kama huyo anagongwaje na kamyo ya viazi, mchana, kwenye barabara ya Mahoko? Haikuwa nzi, Maître. Ilikuwa kamyo.

Watu walisema ulisukumwa. Wa kwanza kusema ni mi. Nilimushuku dereva. Nilimushuku conseiller wa mutaa, ule alikujaga kutuuliza, "Nyinyi vijana munafunga nyuso, munajifunza kumuficha nani?" Zaidi nilimushuku Désiré, sababu mutu akilia vile kwenye mazishi na bado akamaliza sahani mbili, mi simuamini.

Halafu siku ya posho moja, Jumamosi, Désiré akatoa kitambaa yako kwenye musumari, akajifunga, akageuka polepole. Akasema, "Fidèle, umevaa soksi mbili hazifanane."

Watu wakacheka. Mi pia nilicheka, sababu ilikuwa kweli. Halafu kicheko ikakufa. Tulijaribu mumoja mumoja. Kila mutu aliona dirisha, aliona mwenzake, kama mutu iko ndani ya moshi lakini anaonekana. Désiré akasema, "Alituchezea miaka yote. Alikuwa anaona." Wanne walichukua kimono zao, wakaenda, hata hawakuaga. Mumoja alitema mate mulangoni, Maître. Mulangoni kwako.

Nilikutetea na mudomo, unaujua huu mudomo. Lakini nilibeba kitambaa nyumbani, nikajifunga, nikaona mbuzi yangu vizuri kabisa, na mbuzi akaniangalia kama mutu mwenye haya. Hapo nikakushuku wewe. Nisamehe. Nililala siku mbili nikikuita mwizi, na mi najua kazi ile.

Sababu kitambaa ile ni mi nilikuuzia. Nilikuambia ni nzito, jua haipite. Uongo. Ilikuwa kitambaa ya ndani ya koti ya Goma, nyepesi kama ngozi ya kitunguu. Na hapo ndipo kichwa ikaanza kuniwasha. Hapa kwetu nani ananunua kitambaa bila kuinua kwenye jua? Hata bibi wa miaka themanini anainua, anafunga jicho moja, anakutukana ndiyo analipa. We hukuinua. Uliipapasa na vidole, ukasema, "Bon, inatosha." Nilienda mbio na furaha, nikisema leo nimemupata Maître.

Na tena: kama ulikuwa unaona, kwa nini hukuona kamyo? Désiré hakujiuliza hiyo. Hakuna mutu alijiuliza.

Nikakuja hapa. Mama Solange akasema, "Fidèle, kunywa chai uende." Yeye pia nikamushuku, sababu hakuniangalia. Lakini nyuma ya nyumba niliona kamba, kutoka mulangoni mupaka choo, imefungwa kwa urefu wa kiuno.

Nikamuuliza, "Mama, hii ni ya kuanika?"

"Ndiyo."

"Na nguo iko wapi?"

Akaikala kwenye jiwe. Akashika kichwa. Halafu akaniambia, na sauti ya kumwambia mutu mwenye alishajua. Miaka mbili. Kwanza jicho ya kushoto, halafu ya pili. Mwisho uliona mwanga tu, na mutu kama kivuli. "Ile kitambaa alifunga sababu yenu," akasema, "musijue. Kwake ilikuwa sawa, kufunga na kufungua."

Ayii, Maître.

Vitu vyote vikanirudia kwa mara moja. Barua ya conseiller ulinipa nisome, mi wa troisième primaire, we mwenye ulifundishaga watoto wa shule ya Nyundo, na nilijisikia mukubwa wiki nzima. Na mukono yako. Kila tukitoka salle uliweka mukono kwenye bega yangu, tunashuka ngazi, tunakata barabara. Wengine walikuwa na wivu. Nilifikiri ni mapendo. Sasa sijui. Pengine ilikuwa vyote viwili, niambie ilikuwa vyote viwili.

Kamyo sasa naijua. Hakuna mutu alikusukuma. Ile muteremuko nimeteremuka mara mia, juu ya magunia ya viazi, miguu inaning'inia, na pale juu dereva wote wanazima moteri ili wasile mafuta. Kamyo inakuja kimya kama paka. Na siku ile ilikuwa mvua, maji inapiga majani ya migomba, utasikia nini? Mwenye macho anageuka tu, anaona, anaruka. We ulikuwa na masikio, na wakazima hata yale.

Sasa ile sikutaka kuandika. Ijumaa uliniambia, "Kesho utanisindikiza Mahoko, niko naenda kutafuta nafasi ya kufundishia kule." Nikasema tumbo inaniuma. Tumbo haikuwa inauma. Nilivuka kwenda Goma kuuza soksi. Nilisema, Maître ni mutu mukubwa, anajua njia. Soksi zenyewe hazikuuzika.

Nilitaka kukimbia salle siku ileile, nimwambie Désiré mbele ya wote, muongo ni wewe, alikuwa kipofu na alikushinda. Mama Solange akanishika shati. Akasema ulipenda wakuite mwizi kuliko wakushike mukono barabarani kama muombaji. Akaniapisha. Donc ninakulilia nikifunga kinywa, mi Fidèle, unaona kazi umenipa.

Lakini wanne wale lazima warudi. Na ule alitema mate apanguse.

Kwa hiyo tunafanya mazoezi, mi na muke wako, kila asubuhi kabla ya barrière. Nimekata kipande ya blanketi, ile ya kijivu ya wakimbizi, hiyo hata moto huoni. Yeye anavua viatu, anazunguka, ananipiga na mwiko wa bugali. Sikujua ni yeye alikufanyiza mazoezi hii miaka yote. Ana mukono mubaya, Maître. Ananiambia, "Usibahatishe, sha. Ngoja nivute pumzi, mutu anavuta pumzi kabla ya kupiga." Mudomo yangu imevimba, wateja wananiuliza nani amenioa.

Na nikuambie, sababu hakuna mwengine wa kuambia: miaka mitatu mi nilichungulia. Kila mara zamu yangu ya kufunga macho ikifika. Chini, kando ya pua. Ulijua, eh? Ulisemaga, "Fidèle, leo pua yako inaona vizuri," na mi nilicheka na wengine.

Wiki iliyopita nilishika mwiko mara mbili kati ya kumi. Jana mara tatu.

Siku ya Mungu, misa ikiisha, wote watakuwa salle. Nimewaita. Désiré mwenyewe atanifunga blanketi, akaze vile anataka, na atapiga wa kwanza, anapiga nguvu. Sitasema neno juu ya macho yako. Nitasema tu: hii kitu inawezekana, Maître alitufundisha, njooni mupige.

Lala vizuri, Maître. Mama Solange hana shida ya kuni, nimeshaleta.

Watanipiga sana. Nitaanguka, nitasimama, nitaanguka tena. Kitambaa sitainua.

Fidèle