Bango la Kiboko

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Laban amepewa mabango yote! Yote — ya ndege, ya mafunjo, ya swala, ya kiboko. Bustani ya wanyama pale ziwani, njia ya Dunga, inaandikwa upya, Kiswahili juu, Kiingereza chini, na brashi ni ya mtoto wangu. Nani mwingine Kisumu hii ana mkono kama ule? Nimemsimulia Zeituni wa duka mpaka akachoka. Ati, "Mama Laban, nilidhani amekuwa waziri." Wivu tu! Nimetuma habari Bungoma: ndugu za marehemu mume wangu wote waje siku ya kufungua, Jumamosi ya tarehe 17. Waone nimezaa nini.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimempelekea uji kazini. Herufi zake zimesimama kama askari wa gwaride! Bango la kiboko bado hajaligusa. Nimelipangusa kwa leso kama siku zote. Rangi imechakaa lakini inasomeka: HATARI. HAPA KIBOKO ALIPINDUA BOTI YA ASKARI WETU WEPUKHULU, 1966. MSIKARIBIE MAJI.

Boti ilipatikana. Mume wangu hapana, mpaka leo. Nyumbani hakuna kaburi. Ndugu zake wakija huku husimama hapa kwa bango, wanaomba, wanamwita kwa jina.

Nimemwambia Laban, la baba yako uliandike kubwa kuliko yote. Amekunywa uji. Ameinuka, amerudi kwa bango la swala. Ni uchovu.

Jumapili, 11 Agosti

Nimetangaza kanisani. Makofi! Laban hakuja ibada.

Jumatano, 14 Agosti

Limefutwa.

Mbao ni ile ile, nimeijua kwa ufa wake wa pembeni. Juu rangi nyeupe, na mwandiko mzuri wa mtoto wangu: KIBOKO HULA NYASI. HUPENDA UTULIVU. Utulivu! Nimecheka peke yangu, wageni wakanigeukia.

Laban anasema ni amri ya Bwana Zadock, mkubwa wa bustani. Ati watalii wataogopa. Ati bango ni la kufundisha mnyama, si la matanga. Huyo Zadock wa Milimani kwa matajiri, baba yake amejengewa kaburi la saruji!

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Ndiyo, bwana. Ningekataa angeleta fundi mwingine, Mama. Nikaona afadhali mkono wangu."

Afadhali! Sasa nimshukuru? Nilitoa kisu cha ndizi nikwangue. Akanishika mkono. "Mama, nakuomba. Watanifukuza." Ana mke mjamzito. Nimerudisha kisu kwa kikapu. Lakini nilikuwa nimegusa — kidole changu kina rangi nyeupe, hata mafuta ya taa hayaitoi.

Alhamisi, 15 Agosti

Shemeji Waliaula ametuma neno na dereva wa basi. Wamekodi lori. Wanakuja na wajukuu ambao hawajawahi kuona jina la babu yao likiandikwa popote. Anasema nimewapa heshima kubwa. Mimi!

Zeituni ameniletea sufuria zake mbili kubwa. Ameuliza, "Mbona umenyamaza, mama mwenye fundi?" Nimesema ni kichwa.

Laban amepita jioni, amesimama mlangoni. "Umewaambia?" Nimemuuliza, wewe je? Akaenda uani kunisaidia kufunga kuku.

Kuku wa kuchinja kesho wako tayari. Wageni wakishuka kwa lori hawatataka chai kwanza, nawajua. Watanyoosha moja kwa moja mpaka kwa bango, wazee mbele, watoto nyuma. Asubuhi ya Jumamosi.