Ledi ni Mkanda Mkate

Shiru wangu,

Shule inaendaje, mama? Huku Doha tuko wazima, ni jua tu linatuchoma. Mjomba wako amepata kazi ya udereva, tunashukuru Mungu.

Umeniuliza kama ni kweli vile mwalimu wenu wa Kiingereza alisema, ati zamani za kale neno "ledi" lilimaanisha mwanamke anayekanda mkate. Mimi Kizungu cha kale sikijui, lakini hiyo naiamini kabisa.

Nilipofika huku nikiwa bado msichana, nilikaa chumba kimoja na Jerusha pale mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Babu yako alikuwa anakuja kututembelea. Alikuwa akimwita Jerusha "ledi", kwa sababu ya zile kucha zake ndefu. Mimi akiniita "mama chapo" tu, ati kwa vile mimi ndiye nilikuwa nakanda chapati. Nikamwonea wivu, Shiru.

Ijumaa moja, maana huku kanisa ni Ijumaa, wageni wakaja baada ya ibada, nikakataa kushika unga. Nikasema, "Leo ledi apike." Jerusha akakanda. Babu yako akauma chapati, akaiangalia, akaiweka chini polepole. "Jamani, hii ni soli ya kiatu cha nani?" Halafu akaja kunitafuta jikoni.

Kumbe, kwa hiyo maana ya mwalimu wenu, lile jina nililomwonea Jerusha wivu lilikuwa langu, liko kwa hii mikono inayokanda.

Sasa mama, Jerusha akikupigia simu usimwambie hiyo maana. Siku hizi anakanda laini kuliko mimi, na juzi babu yako aliomba chapati yake ya tatu.

Ni mimi shosho wako, mikono bado ina unga.